Radhakrishnan na Wakosoaji Wake: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku

Kila nikimtaja Radhakrishnan mahali napigwa maswali yale yale, na nimeshachoka kujibu kipande kipande, leo huyu kesho yule. Nimekaa nikayakusanya yote. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayana zaidi, mengine yamenipeleka mbali, mtanisamehe.

Huyu Radhakrishnan ndo yule aliyekuwa rais wa India?

Ndo huyo huyo. Sarvepalli Radhakrishnan, kazaliwa 5 Septemba 1888 Tiruttani kule kusini mwa India, kafariki 17 Aprili 1975 mjini Madras. Balozi wa India Moscow kuanzia 1949 hadi 1952, makamu wa rais 1952 hadi 1962, halafu rais mpaka 1967. Ila siasa zilikuja uzeeni. Maisha yake kwanza ni ya chaki na ubao, alianza kufundisha Madras 1909, akaenda Mysore 1918, Calcutta 1921, na 1936 akapewa kiti cha Spalding pale Oxford, kiti cha dini na maadili ya Mashariki. Inasimuliwa kwamba siku anaondoka Mysore wanafunzi walifungua farasi kwenye gari lake wakalivuta wenyewe hadi stesheni. Sijui mwalimu gani wa siku hizi angevutwa hivyo, wengi wetu tungevutwa kwa sababu nyingine. Na India sikukuu ya walimu huwa 5 Septemba, siku aliyozaliwa.

Kwani Wahindi na Wahindu sio kitu kimoja?

Sio, na hapa huku kwetu tunachanganya sana. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko, awe Mwislamu wa Kiismailia, Singasinga, Mgoa Mkatoliki, yeyote. Mhindu ni mfuasi wa dini, zamani pwani walikuwa wakiitwa Mabaniani. Sasa unaposoma “falsafa ya Kihindi” kwenye vitabu vya Radhakrishnan ujiulize anamaanisha ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu wakosoaji wake wengine wanasema alivichanganya makusudi, yaani anaanza na “India” ukigeuka anazungumzia Uhindu, ukigeuka tena ni tawi moja tu la Uhindu, Advaita Vedanta, lile linalosema ukweli wa mwisho ni mmoja tu. Mjaina, Mbudha na yule mpinga dini wa zamani aliyekuwa akiitwa Charvaka wote wamo kwenye kitabu, ila wamekaa kama wageni kwenye harusi ya mtu.

Kaandika vitabu gani hasa?

Vingi. Kile kikubwa ni Indian Philosophy, juzuu mbili, ya kwanza 1923 na ya pili 1927. Halafu The Hindu View of Life, 1927, kijitabu kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Oxford 1926, hiki ndo kimesomwa na watu wengi. An Idealist View of Life ya 1932 ndo falsafa yake mwenyewe, hapo haelezi wazee walisema nini, anasema yeye anaamini nini. Eastern Religions and Western Thought 1939. Kisha tafsiri zenye maelezo za maandiko ya kale ya Kihindu: Bhagavadgita 1948, Upanishadi kuu 1953, Brahma Sutra 1960. Ya mwisho hiyo katoa akiwa makamu wa rais, sijui alikuwa analala saa ngapi.

Kwa nini wanasema vitabu vyake ni vya utetezi na sio historia?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote yanatoka humu.

Kijana Radhakrishnan alisoma Madras Christian College, chuo cha wamisionari. Walimu wake, hasa Alfred Hogg, hawakuwa watu wa matusi, Hogg alikuwa mtu makini anayeuchukulia Uhindu kwa uzito, lakini hoja iliyokuwa hewani pale chuoni ilikuwa hii: dini yenu inasema dunia ni mazingaombwe, na kama dunia ni mazingaombwe basi njaa ya jirani nayo ni mazingaombwe, kwa hiyo hamna msingi wa maadili. Fikiria una miaka 20, umelelewa nyumba ya Kibrahmani, lile tabaka la makuhani, na kila siku darasani unaambiwa hivyo kwa upole. Mwaka 1908 akaandika tasnifu ya digrii ya uzamili kuhusu maadili ya Vedanta, na tasnifu yote ni jibu: tunayo maadili, na haya hapa. Baadaye mwenyewe alikiri kuwa changamoto ya wakosoaji wa Kikristo ndo ilimsukuma aisome dini yake.

Mimi naona hakuacha kumjibu Hogg mpaka anakufa. Ukikisoma kitabu chake chochote kwa jicho hilo kinafunguka. Ni wakili. Wakili hodari, kasoma faili lote, anamheshimu hakimu, anaijua sheria ya upande wa pili kuliko hata wenyewe, lakini wakili. Na wakili hasemi uongo, anachagua tu aanze na shahidi yupi.

Kuna kichekesho hapa. Kitabu chake cha 1920, The Reign of Religion in Contemporary Philosophy, kinawalaumu wanafalsafa wa Ulaya na Marekani wa wakati ule kwamba wameiacha dini iwashike usukani wa fikra zao. Miaka ikapita, lawama ile ile neno kwa neno ikamrudia yeye.

Mwanzoni vitabu vilipokelewaje?

Vizuri mno, hasa Uingereza. Usisahau wakati ule mtu wa London aliyesoma chuo kikuu angeweza kumaliza falsafa yote bila kusikia jina moja la Mhindi, na waliokuwa wanaandika habari za India walikuwa wataalamu wa Kisanskriti wanaoandikiana wao kwa wao, tanbihi ndefu kuliko ukurasa. Anakuja huyu na Kiingereza cha kuteleza, anamweka Shankara, mwanafikra wa kale wa Kihindu, jirani na wanafalsafa wa Ulaya kama Plato, Kant na Bradley kana kwamba wote walisoma bweni moja. Watu walifurahi. Mwaka 1933 Joad, mwandishi wa falsafa aliyekuwa maarufu Uingereza, akamwandikia kitabu kizima na akamwona kama ofisa wa kuunganisha Mashariki na Magharibi.

Kilele kilikuwa 1952, ule mfululizo wa Marekani uliohaririwa na Schilpp, ambao kila juzuu inamchukua mwanafalsafa aliye hai, wenzake wanamkosoa halafu yeye anajibu. Walikuwa wameshamfanya Dewey, Whitehead, Russell, Einstein. Yeye akafuata.

Ila hata mwanzoni kulikuwa na waliokunja uso. Waliuliza: huyu anatueleza Wahindi wa kale waliwaza nini, au anatueleza walipaswa kuwaza nini ili wasituaibishe mbele ya Waingereza? Aliwajibu kwenye jarida la Mind mwaka 1926, na toleo la pili la juzuu ya kwanza, 1929, lina nyongeza ya majibu. Jibu lake kwa ufupi: historia ya falsafa sio kupanga mifupa kwenye kabati, lazima ufasiri. Ni kweli. Lakini kufasiri nako kuna mipaka.

Ishu ya maya ni nini? Kila mkosoaji anaitaja.

Haya, taratibu. Maya ndo yale mazingaombwe niliyoyataja hapo juu. Shankara, mwanafikra wa Advaita wa kama karne ya 8, ana mfano wake maarufu wa kamba na nyoka. Giza limeingia, unapita njiani, unaona nyoka, moyo unaruka, jasho linakutoka. Mtu analeta taa: kumbe kamba. Nyoka hakuwepo hata dakika moja, ila jasho lilikuwa jasho kweli. Sisi na msemo wetu wa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka tunauelewa mfano huu haraka kuliko Waingereza. Shankara anasema dunia hii yenye vitu vingi vingi imekaa juu ya Brahman, ule ukweli mmoja, kama nyoka alivyokaa juu ya kamba.

Sasa mmisionari akisikia hapo anasema mnaona, dunia ni nyoka wa uongo. Radhakrishnan anasema hapana, hamkumsoma vizuri, Shankara hasemi dunia haipo, anasema haijitegemei, inaegemea Brahman, na kutokuwa halisi kwa mwisho sio sawa na kuwa ndoto tupu. Na ana ushahidi, kwa sababu Shankara mwenyewe anawapinga Wabudha waliosema tunayoyaona macho ni kama ya ndotoni tu, anasema la, kuota ni kuota na kuwa macho ni kuwa macho.

Wakosoaji wanajibu: sawa, hayo yapo, lakini kuna kurasa nyingine ambazo Shankara ni mkali kabisa, dunia inafutika taa ikija, na hizo Radhakrishnan anazipita mbio mbio kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Nimesoma pande zote mbili na maoni yangu ni kwamba maandiko yana sura zote mbili na yeye katuonyesha sura moja. Mkristo au Mwislamu anayetetea dini yake hafanyi tofauti, tuwe wakweli.

Kuna pia Albert Schweitzer, yule daktari wa Lambaréné kule Gabon, ambaye mwaka 1935 aliandika kwamba fikra za India kimsingi zinaikana dunia na maisha. Radhakrishnan alimjibu kwenye kitabu cha 1939, na kwa kweli pale kashinda, kwa sababu alimwonyesha kwamba kuikana dunia kumejaa tele hata kwenye Ukristo.

Ambedkar alimshambulia kwa lipi?

Kasti. Na huyu ndo mkosoaji ninayeona alimpiga pigo zito kuliko maprofesa wote wa Ulaya.

Kwenye The Hindu View of Life Radhakrishnan anautetea mfumo wa matabaka kwa upole: anasema ulianza kama njia ya watu wa aina mbalimbali kuishi pamoja bila kuuana, kila kundi na kazi yake, na kwamba uliharibika baadaye. Pia anajivunia umri: ustaarabu huu una zaidi ya miaka elfu nne, umepigwa na mawimbi yote na bado umesimama, basi lazima una nguvu ndani.

Bhimrao Ambedkar alizaliwa Mmahar, kundi la wasioguswa, kasoma hadi udaktari wa uchumi New York na London. Mwaka 1936 aliandaa hotuba ya mkutano wa watu wa Lahore waliojiita wapinga kasti, wao wenyewe walipoiona hotuba wakaogopa wakafuta mkutano, naye akaichapisha kwa pesa zake, nakala 1,500. Humo anamtaja Radhakrishnan kwa jina. Ananukuu ile hoja ya miaka elfu nne kisha anauliza kitu rahisi sana: kuishi sio hoja, hoja ni unaishi kwa hali gani. Kuna namna nyingi za kubaki hai, na nyingine hazina heshima yoyote. Mtu anaweza kubaki hai kwa kurudi nyuma kila anapopigwa.

Naomba uone tofauti ya mahali wanapoongelea. Mmoja yuko Oxford anazungumzia mfumo kama wazo. Mwingine akiwa mtoto shuleni alikuwa hagusi bomba la maji, lazima tarishi wa shule aje amfungulie, na tarishi asipokuwepo anashinda na kiu, kayaandika mwenyewe. Ukishajua hilo bomba huwezi tena kusoma ile sura ya kasti kwa utulivu, angalau mimi siwezi.

Wanaomtetea Radhakrishnan wanasema alipinga kutoguswa waziwazi na alikuwa anataka matabaka ya kuzaliwa yaishe. Ndiyo, alipinga. Ila alitaka aitupe kasti na ile sababu yake ya kale abaki nayo, na Ambedkar alikuwa anasema hivyo viwili havitenganishiki.

Na ugomvi wa Buddha?

Huu unaendelea kutoka hapo juu. Radhakrishnan tangu 1923 alimwona Buddha kama mtoto wa Upanishadi, mwanamageuzi wa ndani ya nyumba. Mwaka 1956 India iliadhimisha miaka 2,500 ya Buddha na yeye, makamu wa rais sasa, akaandika dibaji ya kitabu cha serikali, akasema Buddha hakujiona analeta dini mpya, alizaliwa, akakua na akafa Mhindu.

Mwaka huo huo, tarehe 14 Oktoba, Ambedkar akasimama Nagpur na mamia ya maelfu ya watu wake wakauacha Uhindu wakawa Wabudha. Sasa kama Buddha ni Mhindu tu, hawa walihamia wapi? Unaona basi kwa nini sentensi ya dibaji inaweza kuwa na uzito wa kisiasa. Wataalamu wa Ubudha nao wana lao: Buddha alikana nafsi ya milele, Upanishadi zinasimama juu yake, na Radhakrishnan aliujaza ukimya wa Buddha kwa maneno ya Vedanta. Hapa sina utetezi wake wowote.

Ni kweli aliiba kazi ya mwanafunzi?

Alituhumiwa, haikuwahi kuamuliwa mahakamani, na naomba msiitume kama jambo lililothibitishwa.

Ilikuwa hivi. Januari 1929 msomi kijana, Jadunath Sinha, aliandika kwenye jarida la Modern Review la Calcutta kwamba sehemu za juzuu ya pili ya Indian Philosophy zimetoka kwenye tasnifu yake kuhusu utambuzi katika saikolojia ya Kihindi, aliyoiwasilisha chuo kikuu miaka michache kabla. Akaweka vifungu ubavu kwa ubavu watu waone. Radhakrishnan akajibu kwamba wote wawili wanafasiri maandiko yale yale ya Kisanskriti, kwa hiyo maneno lazima yafanane. Barua zikarushiana kwenye jarida, kisha Sinha akafungua kesi akidai rupia 20,000, Radhakrishnan naye akamfungulia yeye na mhariri Ramananda Chatterjee kesi ya kashfa, rupia laki moja. Mwaka 1933 wakamalizana nje ya mahakama na masharti hayakutangazwa.

Mtoto wake, mwanahistoria Sarvepalli Gopal, aliandika wasifu wa baba yake 1989, anamtetea kwenye hili, anasema mswada ulikuwa tayari 1924. Wasifu wenyewe sio wa kupaka mafuta, kuna mambo ya nyumbani ya baba yake ameyasema wazi kuliko ungetarajia mtoto aseme, ndo maana utetezi wake watu wanausikiliza. Wengine wanasema yule alikuwa profesa mkubwa na yule kijana mwalimu wa mkoani, mapatano hayakuwa ya watu wa kimo kimoja. Hapo kila mtu abaki na lake.

Nimesikia Mjerumani mmoja kasema maadili ya Vedanta yametoka Ujerumani. Hii imekaaje?

Ha ha, hii stori naipenda. Tuanze mbali kidogo.

Kwenye Chandogya Upanishadi kuna baba, Uddalaka, na mtoto wake Shvetaketu aliyerudi toka masomoni ameota mapembe. Baba anamwambia tia chumvi kwenye maji, njoo asubuhi. Asubuhi: niletee ile chumvi. Mtoto anatafuta, haioni. Onja juu, chumvi. Onja katikati, chumvi. Onja chini, chumvi. Huioni lakini ipo yote humo, ndivyo kilivyo kiini cha kila kitu, na “tat tvam asi”, yaani hicho ndicho wewe, Shvetaketu.

Hakuna neno hapo kuhusu kumpenda jirani. Ni somo la kujijua.

Sasa Paul Hacker, mtaalamu wa Kijerumani, aliandika 1961 akifuatilia nyayo: Schopenhauer, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeishi Frankfurt, ndiye aliyelichukua hili neno akalifanya msingi wa huruma, mwenzako ni wewe kwa hiyo ukimuumiza unajiumiza. Mfuasi wake Paul Deussen akaenda India, na Bombay Februari 1893 akawaambia wasikilizaji kwamba Injili inaamuru umpende jirani kama nafsi yako ila sababu haisemi, sababu iko kwenye Veda zenu, tat tvam asi. Mwaka 1896 Swami Vivekananda, mtawa na mhubiri wa Kihindu, akamtembelea Deussen Kiel, na muda si muda Vivekananda anaihubiri hoja hiyo kama mali ya kale ya India. Kutoka kwake ikaenea hadi kwa Radhakrishnan, ambaye aliihitaji kwelikweli, si mnakumbuka Hogg? Kwa hiyo kwa mujibu wa Hacker, jibu la Mhindi kwa mmisionari lilikuwa limeshonwa Frankfurt.

Inauma. Na kwa miaka mingi wasomi walimfuata Hacker, wakawaita kina Radhakrishnan “Wahindu mamboleo” kwa sauti ya kudharau kidogo, kama vile Mhindu halisi ni yule aliyekufa zamani. Lakini naye akaanza kukosolewa. Bhagavadgita 6:32 inamsifu anayeona raha na maumivu ya viumbe vyote kwa kujipima mwenyewe, hiyo haikutoka Ujerumani. Isha Upanishadi inasema anayeviona viumbe vyote ndani ya nafsi hachukii kitu. Na Andrew Nicholson kwenye kitabu chake cha 2010 alionyesha kuwa kuzikusanya falsafa za Kihindu kuwa familia moja kulikuwepo karne nyingi kabla ya Mwingereza, kwa mfano kwa Vijnanabhikshu wa karne ya 16. Watu pia hawakosi kutaja kwamba Hacker aliingia Ukatoliki miaka ile ile na alikuwa na kesi yake ya kutetea. Kumbe mawakili walikuwa wawili.

Nadhani Hacker alipatia kwamba hoja ile kwa umbo lile ni mpya. Alikosea kudhani mpya ni sawa na bandia. Kila dini inasoma maandiko yake upya ikibanwa, Uislamu na Ukristo wa huku kwetu tumeuona ukifanya hivyo mbele ya macho yetu.

Waliomrithi Oxford walimwonaje?

Robert Zaehner, aliyemfuata kwenye kiti kile kile, alitumia mhadhara wake wa kwanza 1953 kumrushia jiwe gizani. Alisema kulazimisha dini zote zipatane, hata mapatano yakiwa ya mdomoni tu, kunaweza kumfaa kiongozi wa nchi, lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kutafuta ukweli ni jambo la kulaaniwa. Mtangulizi wake alikuwa ndo ameshakuwa makamu wa rais, kila mtu ukumbini alijua jiwe limelenga wapi.

Bimal Krishna Matilal alikikalia kiti kuanzia 1976 na hakurusha mawe, alibadilisha mada tu. Yeye alikuwa mtu wa Nyaya, mantiki: unajuaje kwamba unajua, moshi mlimani unathibitishaje moto. Alichukizwa na picha ya India ya mafumbo na kufumba macho tu, na picha hiyo kwa kiasi kikubwa Radhakrishnan ndo aliisambaza. Daya Krishna, mwanafalsafa wa India, naye mwaka 1966 alisema wazi kwamba “falsafa ya India ni ya kiroho” ni hekaya, India walibishana sarufi, mantiki na nadharia ya ujuzi karne kwa karne bila kutaja wokovu.

Huu ukosoaji ndo umedumu. Uliza idara yoyote leo, Radhakrishnan anafundishwa zaidi kama mtu wa karne ya 20 kuliko kama kiongozi wa kukupeleka karne ya 8.

Kati yake na Dasgupta nani bora?

Surendranath Dasgupta kaandika historia ya falsafa ya Kihindi, juzuu tano, 1922 hadi 1955, ya mwisho imetoka ameshafariki. Ukitaka kujua andiko linasema nini, Dasgupta. Ukitaka kufika mwisho wa sura bila kusinzia, Radhakrishnan. Mwenye haraka amsome Hiriyanna, kitabu kimoja cha 1932, kifupi na safi, hakipigi debe.

Alipata Nobel?

Hapana. Alipendekezwa mara nyingi, hakupewa. Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya raia kule India, alipata 1954, na tuzo ya Templeton ya mambo ya dini 1975, mwaka aliofariki.

Ana uhusiano wowote na huku kwetu?

Anao, na wengi wanapita mbele yake kila siku hawajui. Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi kuu, kuna sanamu ya Gandhi. Wahindi wa Afrika Mashariki walichangisha pesa za kumbukumbu ya Gandhi zikaingizwa kwenye kilichokuwa Royal Technical College, na Julai 1956 aliyekuja kuizindua sanamu ni Radhakrishnan. Nilipokuwa nasoma pale nilikula mahindi ya kuchoma karibu na ile sanamu sijui mara ngapi huku begani nina kopi ya The Hindu View of Life niliyonunua kwa vitabu vya mitumba, jalada halipo, mtu kaandika kwa penseli pembeni ya sura ya kasti “kweli?” na akapiga mstari mara mbili. Sikuwahi kuunganisha mwandishi wa kitabu na mzinduzi wa sanamu mpaka miaka mingi baadaye.

Na hebu tazama 1956 hiyo: Julai Nairobi anamzindua Gandhi, dibaji ya Buddha mwaka ule ule, Oktoba Nagpur watu wanahama.

Kama ana makosa yote haya kwa nini bado anasomwa?

Kuna methali yetu isiyo na adabu, baniani mbaya kiatu chake dawa. Siipendi, ilitungwa kuwadharau majirani zetu, lakini hapa imejileta yenyewe. Wakosoaji wote niliowataja, ukiwauliza walianzia wapi, wengi watakwambia juzuu mbili za Radhakrishnan. Hakuna aliyemkosoa ambaye hakumtumia. Na ana kitu ambacho wasahihishaji wake wengi hawana: anaamini haya mambo yanamhusu mtu aliye hai, sio makumbusho.

Mimi mgeni kabisa, nianze wapi?

Usianze na Indian Philosophy, utakata tamaa. Chukua Bhagavadgita yake ya 1948, ile aliyoitabaruku kwa Gandhi, ufungue 4:13. Krishna anasema: matabaka manne nimeyaumba mimi, kwa mgawanyo wa sifa na kazi. Kisha soma maelezo yake chini: mkazo uko kwenye sifa na kazi, sio kuzaliwa. Funga kitabu. Sasa tafuta ile hotuba ya Ambedkar ya 1936, iko bure mtandaoni, usome sehemu anayojibu hoja hiyo hiyo ya sifa na kazi, anauliza kwa nini basi majina yale manne ya kale yaendelee kutumika kama kuzaliwa si kitu. Halafu urudi 4:13 usome tena. Ukibanwa hapo niandikie, ila sio usiku wa manane tafadhali, kuna mmoja alinipigia saa nane usiku kuniuliza kamba ni kamba kweli au nayo ni maya.